Ufa wa shubiri moja: injini ya trekta baada ya barafu

Hotuba kwa wakulima wanaozungumza Kiswahili, Lewiston, Maine, Marekani, mwezi wa tatu

Wazee wangu na mama zangu, shikamooni. Ndugu na vijana, habari za asubuhi. Nawaona ndugu zangu kutoka Uvira na Bukavu, nawaona wa Burundi, na pale nyuma nawaona Wazigua, ambao babu zao waliondoka pwani yetu karne ya 19 wakaishia Somalia, na leo tunalima pamoja huku mwisho wa dunia. Asanteni kwa kuja katika asubuhi ya baridi namna hii.

Nimeombwa nizungumzie trekta zilizopasuka. Tangu theluji ianze kulegea nimepigiwa simu na watu wanne, na wote wameanza na neno moja: "Fundi, injini imekufa." Nataka niseme mapema ninachoamini, ili hata anayewahi zamu ya mchana aondoke nacho. Injini iliyopasuliwa na barafu mara nyingi haifi siku inayopasuka. Inakufa siku ile mwenyewe anapoipiga stata aone kama bado inawaka.

Mimi nimezaliwa Makete, Tanzania, kwenye miteremko ya Kitulo. Aliyewahi kupita kule mwezi wa sita au wa saba anajua: asubuhi unakuta sakitu imelala juu ya viazi, na nyasi zinalia chini ya viatu. Kwa hiyo nilipofika Maine nilijiambia baridi naijua. Kumbe nilijua baridi inayounguza majani tu. Sakitu ya Kitulo inakuja alfajiri, na ikifika saa tatu jua limeshaipangusa. Baridi ya hapa inaingia ndani ya kitu na kukaa wiki nzima, usiku na mchana, mpaka ifike kwenye moyo wake. Chuma kinene kama bloki ya injini hakigandi kwa saa moja. Kinapoa polepole, na ukiona jua limetoka mchana ukadhani mambo yamekuwa nafuu, katikati yake bado kunaendelea kushuka.

Halafu kuna namba, nazo zimetudanganya wengi. Kwetu redio ikisema nyuzi 30, unavua koti. Hapa ikisema 30, maji yameshaanza kuganda, kwa sababu wao wanahesabu kwa Farenhaiti, na katika hesabu hiyo maji yanaganda kwenye 32. Ishirini yao ni kama saba chini ya sifuri yetu. Sifuri yao ni karibu 18 chini ya sifuri yetu. Andika 32 kwa rangi nyeusi kwenye mlango wa banda lako, ndani na nje. Mtoto akiuliza, mweleze. Na ule ubaridi wa upepo wanaoutaja kwenye utabiri, wanaposema "itahisi kama kadhaa", huo ni wa ngozi zetu. Upepo hauwezi kuifanya injini iwe baridi kuliko hewa yenyewe, ila utaifikisha kwenye baridi hiyo haraka zaidi.

Lakini lililo zito kuliko yote ni mkono wetu na maji. Kwetu maji ni rafiki wa injini. Utingo wa lori linalopanda Kitonga anajua kazi yake: rejeta ikipungua anashuka na dumu, anachota kwenye mfereji, anamimina, safari inaendelea. Pawatila zetu za dizeli zina tangi la maji juu ya silinda, mkulima anajaza kwa kopo huku anapiga soga. Hakuna aliyekosea hapo. Ndiyo hali ya nchi ile. Lakini mkono ule tumekuja nao huku, na mkono hauambiwi kwamba umevuka bahari. Watu wote wanne walionipigia simu, rejeta zao zilikuwa na maji matupu ya bomba. Na mimi ninayesema haya, trekta yangu ya kwanza ilipasukia mikononi mwangu kwa maji matupu ya bomba.

Ilikuwa Ford 8N. Wengi mnazifahamu, zile za kijivu zenye tumbo jekundu. Zilitengenezwa kuanzia 1947 hadi 1952, zaidi ya laki tano, ndiyo maana mpaka leo ukipita mashambani hapa utaiona moja imeegeshwa nyuma ya banda. Ina injini ya petroli ya silinda nne, kama lita 2, na valvu zake ziko ndani ya bloki, si kwenye hedi. Lishikeni hilo la valvu, nitalirudia. Tulichanga familia tano tukainunua. Tulilima nayo mahindi, mchicha, maboga. Mwezi wa kumi nikaiegesha.

Nilijua kwamba maji yanatakiwa kumwagwa. Nikafungua koki ya chini ya rejeta, maji yakatoka kwa nguvu. Nikafungua koki ya pili, ile iliyo ubavuni mwa bloki. Yakadondoka matone machache, yakakoma. Nikaona yameisha. Kumbe tundu lilikuwa limeziba kwa kutu na tope la miaka, na nyuma ya tope hilo bloki ilikuwa imebaki na maji yake. Mfumo wa 8N unabeba kama lita 11. Kama ningeweka ndoo chini, ningeona kwamba zimetoka lita sita au saba tu, na ningejiuliza nyingine ziko wapi. Sikuweka ndoo.

Mwezi wa kumi na mbili, asubuhi moja, nilikwenda bandani kuchukua koleo. Nikaona ubavuni mwa injini kitu cha rangi ya kutu kimechungulia kama ulimi. Ilikuwa barafu. Nilipoifuta kwa glovu nikauona ufa, mwembamba kama unywele, urefu usiofika shubiri moja, umelala kwenye ukuta wa nje wa njia za maji. Nilikaa juu ya ndoo, ile ndoo ambayo sikuiweka chini, nikawaza nitawaambia nini wenzangu wanne.

Nieleze kilichotokea ndani, kwa maana ukikijua hutahitaji kukariri mengine. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa asilimia 9 hivi. Lita 11 za maji zikigeuka barafu zinadai nafasi ya lita 12. Bloki haina pa kuiweka lita hiyo. Na barafu haiombi nafasi kwa upole: kwenye nyuzi 22 chini ya sifuri yetu, barafu iliyobanwa pande zote inaweza kusukuma kwa nguvu inayokaribia mara 2,000 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Upande wa pili kuna chuma cha kumimina kwenye kalibu. Chuma hiki ni kigumu, kinavumilia joto na kukandamizwa, lakini hakijui kunyumbuka. Ndani yake kaboni imejipanga kwa vipande vidogo bapa kama majani makavu, na kikivutwa kinachanika kwa kufuata majani hayo. Chuma cha jembe kingepinda. Chuma cha bloki kinapasuka.

Hapa niwatoe katika imani moja. Ubavuni mwa bloki nyingi kuna vifuniko vya bati vya mviringo vilivyogongelewa ndani ya matundu. Mafundi wa hapa huviita vifuniko vya kugandia, na watu wanaamini viliwekwa ili barafu ikisukuma, vichomoke na bloki ipone. Kazi ya matundu yale ni ya kiwandani: ndimo unamotolewa mchanga wa kalibu baada ya chuma kumiminwa, kisha yanazibwa. Ni kweli mara nyingine barafu huvichomoa, na ukikuta kimoja kimetoka una sababu ya kuwa na matumaini. Lakini nimeona bloki iliyotema vifuniko viwili na bado ikapasuka mahali pa tatu. Usikigongelee kifuniko kipya ukajaza maji ukasema nimepona. Pima kwanza.

Sasa umefika bandani, umeona ufa, au umeona rejeta imevimba, au huoni chochote ila unakumbuka kwamba uliacha maji. Ondoa waya wa betri. Nasema hivyo kwa sababu mkono utakwenda kwenye stata bila kukuuliza. Ukipiga stata huku pampu ya maji imeganda, mapanga yake yanavunjika au shafti inakatika, na feni belti inaungua. Hayo ni madogo. Kubwa ni kama ufa umefika ndani na maji yameingia juu ya pistoni. Maji hayagandamiziki kama hewa. Pistoni ikipanda ikayakuta, kitu kitapinda, na kinachopinda ni koniki rodi, ule mkono unaoisukuma pistoni. Hapo ndipo ufa wa kushona unageuka kuwa injini ya kutupa.

Wala usimwagie maji ya moto. Nimemwona mtu akifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na ufa ukakimbia mbele ya macho yake. Isukume trekta iingie ndani, au ifunike kwa turubai nzito uweke taa ya joto kwa mbali, usiku kucha, na mtu awe karibu, kwa sababu petroli na moto si vya kuachwa peke yao. Iache iyeyuke kwa saa zake. Weka beseni chini uone maji yanatokea wapi. Pale yanapotokea ndipo kazi yako itakapoanzia.

Ikishayeyuka, legeza bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kidogo kidogo. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yameingia yatatangulia kutoka. Ukifungua bolti yote na hakitoki kitu, huenda ni barafu imekaa mlangoni, subiri zaidi. Oili ikitoka ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameshachanganyika nayo. Toa plagi zote nne, zungusha injini kwa mkono ukishika feni na belti, taratibu. Maji yakiruka kutoka kwenye tundu la plagi, umeshajua silinda gani. Ikigoma kuzunguka, usiilazimishe. Tia mafuta mepesi kwenye silinda uiache siku mbili.

Kisha pima. Mimi huondoa rejeta, naziba matundu ya mipira kwa vipande vya raba na bamba la chuma, na kwenye mojawapo nafunga valvu ya tairi. Napampu kwa pampu ya baiskeli hadi pauni 10 kwa inchi ya mraba, basi. Pampu ya baiskeli inakuadabisha, kompresa ya gereji haina adabu hiyo. Halafu napaka povu la sabuni kila mahali, nje, na kwenye matundu ya plagi nasikiliza kwa sikio. Povu likichemka nje tu na ndani kimya, umepata nafuu.

Kuna njia ya kuona ufa ulipoishia, na hii nilijifunza kwa mzee mmoja jirani yangu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, aliyekuja siku ile nimekaa juu ya ndoo. Kwangua rangi yote kuzunguka ufa kwa brashi ya waya. Paka mafuta ya taa, yaache yaingie, futa yakauke kabisa. Kisha saga chaki ya shule, nyunyiza unga wake juu. Baada ya dakika chache mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yanapanda na kulowesha chaki, na ufa wote unajichora, hata ile mikia yake ambayo jicho halioni. Ufa wangu niliokuwa nimeuona wa sentimita 14 ulikuwa wa 19. Kama ningeshona 14, ule mkia wa mbele ungeendelea kutembea.

Kabla ya kingine chochote, toboa tundu dogo la milimita 3 kila mwisho wa ufa. Ufa unatembea kwa sababu ncha yake ni kali. Ukiipa ncha ile tundu la mviringo, nguvu inatawanyika na ufa unakosa pa kusimamia. Ni kazi ya dakika mbili, na ndiyo inayoamua kama kazi nyingine zote zitadumu. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye bloki usipouzuia ufa kwenye ncha zake, hata kuuziba ni bure.

Ndipo uamue. Niwe mkweli hapa, maana fundi akikuficha hili anakula pesa yako. Ufa ulio kwenye ukuta wa nje wa njia za maji unatengenezeka nyumbani. Ukuta ule hauna kazi nyingine ila kushika maji. Ufa uliofika kwenye silinda unahitaji karakana yenye mashine, wachonge na kuvisha laina. Na ufa unaotoka kwenye kiti cha valvu kwenda silindani, ambao kwa injini kama za 8N zenye valvu ndani ya bloki unatokea sana, huo mwonyeshe mtu mwenye uzoefu kabla hujatoa hata senti. Ukifika kwenye makao ya krankshafti, tafuta bloki nyingine. Kwa trekta zilizotengenezwa kwa malaki, bloki za mitumba zipo, na wakati mwingine ni rahisi kuliko kuchonga.

Wa kwangu ulikuwa wa nje. Nikataka kuuchomelea kwa weldingi, kwa sababu kule kwetu ndivyo tunavyofanya, kila kilichopasuka kinakwenda kwa mchomeleaji. Yule mzee akaniwekea mkono begani akasema hapana. Ukichoma sehemu moja ya chuma hiki, pale penye moto panataka kutanuka na pembeni pamekaa baridi panakataa. Kinapopoa unasikia mlio mkavu, na umepata ufa mpya kando ya ule wa zamani. Mwenzetu mmoja bloki yake ilichomelewa hivyo na mtu ambaye hakuipasha moto kwanza, na alichopata ni nyufa tatu badala ya moja. Weldingi inawezekana, lakini ni kwa vijiti vya nikeli, bloki nzima ikiwa imepashwa moto, unachoma sentimita mbili tatu unasimama, unagongagonga kwa nyundo ndogo kabla haijapoa, na mwisho unaifukia kwenye majivu au mchanga mkavu ipoe usiku kucha. Mwenye vifaa na subira hiyo afanye. Wengine tushone.

Ndiyo, kushona. Chuma kinashonwa kama nguo, na nikiwaangalia mama zangu waliokaa hapa na sindano zao najua watanielewa upesi kuliko madereva. Unatoboa tundu juu ya ufa, unalipiga thredi kwa tepu, kile chuma cha kukatia thredi, unaingiza pini ya thredi ya milimita 6 iliyopakwa dawa ya kuzuia kuvuja, unaikaza kiasi, unaikata ibaki kidogo juu ya ukuta. Kisha tundu linalofuata unalitoboa likiingia ndani ya pini ya kwanza kwa theluthi yake. Pini ya pili inaishika ya kwanza, ya tatu inaishika ya pili, mpaka ufa wote umegeuka kuwa mnyororo wa pini. Mwisho unazigongagonga vichwa kwa nyundo ndogo, unalainisha kwa tupa. Za kwangu zilikuwa 47. Nilizishona kwa siku tatu za Januari nikiwa na taa ya kichwani, na sijawahi kuifanya kazi nyingine yoyote kwa utulivu ule.

Mambo yanayoharibu ushonaji ni machache, ila yanaharibu kabisa. Tumia pini zilizonyooka. Zile za mabomba, ambazo zinanenepa kadiri zinavyoingia, zinafanya kazi ya kabari na zitaupanua ufa. Usikaze kwa hasira. Paka grisi kwenye drili ishike vumbi la chuma. Na usitoboe kina kuliko ukuta, kwa sababu ukuta ule ni wa milimita chache, na ng'ambo yake si mbali kuna silinda.

Asiye na tepu wala pini, na ufa wake ni mfupi, kuna gundi ya chuma ya tyubu mbili. Msiidharau. Imeokoa trekta nyingi katika jimbo hili. Maji ya injini yakichemka sana hayafiki joto la kuiyeyusha. Mara nyingi inashindwa pale inapopakwa juu ya uchafu. Chonga ufa uwe mfereji wa umbo la V, acha chuma kikwaruze, kisha safisha kwa asetoni mara tatu, kitambaa kipya kila mara, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Bloki iwe na uvuguvugu. Paka, ikandamize iingie, iache saa 24 kamili. Mtu akikuambia saa sita zinatosha, mwambie shamba bado lina theluji, hatuna haraka.

Baada ya hapo rudia kupima kwa hewa na povu. Pini yangu ya 31 ilitoa vipovu vidogo. Niliigonga kidogo, nikapaka gundi juu, ikanyamaza.

Usisahau oili. Hata kama maji yaliyoingia yalikuwa kikombe kimoja, beringi zimekunywa. Weka oili ya bei nafuu na filta mpya, washa injini dakika kumi ipate joto bila mzigo, mwaga ikiwa ya moto. Rudia. Kama ya pili bado imepauka, rudia tena. Ndipo uweke oili yako nzuri. Wiki ya kwanza chungulia kijiti cha oili kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Tunarudi kwenye rejeta, na kwenye mkono. Dawa inayozuia maji kuganda, kulanti, inachanganywa nusu kwa nusu na maji, na mchanganyiko huo unahimili mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri yetu. Dawa 6 kwa maji 4 inahimili mpaka kama 52. Sasa sikilizeni, kwa sababu nimewaona watu wakitumia pesa nyingi kujidhuru: dawa tupu bila maji inaganda kwenye nyuzi 13 tu chini ya sifuri yetu. Kuzidisha hakuongezi ulinzi. Ni ule mchanganyiko wenyewe unaolinda. Tumia maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi, yale ya madukani. Na kiangazi, katikati ya palizi, rejeta ikipungua, usichukue dumu. Kila dumu la maji matupu la mwezi wa saba linapunguza nguvu ya dawa ya mwezi wa kwanza. Weka galoni iliyokwisha kuchanganywa pale pale bandani, iwe karibu kuliko bomba. Mwezi wa kumi, kabla ya kuegesha, pima kwa kile kipimo cha kunyonya. Dola chache tu, na tunaweza kununua kimoja tukazungushiana.

Dawa hiyo ni sumu na ni tamu. Mbwa atairamba, mtoto ataionja. Zipo zilizoongezwa uchungu, lakini usiegemee hapo. Ikimwagika, funika kwa mchanga, zoa, osha. Zipo pia za aina nyingine zenye sumu ndogo zaidi, bei yake iko juu, na mwenye watoto wadogo wanaocheza bandani ningemshauri anunue hizo.

Wenye mashine za kulimia za kutembea nyuma yake, zenye injini ya kupozwa kwa hewa, ninyi hamna maji ya kuganda ndani, malizeni petroli na ingizeni betri nyumbani kama ipo. Ila pampu zenu za kumwagilia zina maji tumboni. Zifungueni, zigeuzeni chini juu.

Nimesema ya kutosha. Nje nimeegesha ile 8N, ina mshono wake ubavuni, sikuupaka rangi kwa makusudi ili muuone. Nimeleta ndoo mbili, waya mwembamba wa kuzibulia, mafuta ya taa na chaki. Kila mmoja atapata zamu ya kufungua koki ya bloki kwa mkono wake, kuingiza waya ndani ya tundu mpaka tope litoke, na kuhesabu lita. Nataka nione ndoo zikifika lita 11. Vijana, tangulieni mkafungue milango. Wazee wangu, sisi tufuate polepole, pale kwenye ngazi bado kuna barafu.